Makofi ya Mlimboko

Jumanne, tarehe nne Mei. Hali ya hewa asubuhi hiyo ilikuwa jua kali na anga jeupe, kwa mujibu wa Mfumo. Kwa mujibu wa paa la Mama Skola, mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na alikuwa amekwisha kutega sufuria mbili na beseni moja chini ya matundu. Lakini simu yake ilisema jua, na katika nchi hiyo kubishana na simu lilikuwa jambo la watu wasiopenda maendeleo. Basi Mama Skola alijifunika mfuko wa nailoni kichwani, akatoka kwenda mkutanoni chini ya jua hilo, akalowa chapachapa.

Nchi yenyewe hutaiona kwenye ramani. Ramani yake ilihamishiwa mtandaoni mwaka ule serikali ilipohamia huko yote kwa pamoja, na mtandao ukawa chini. Ofisi zilibaki, makarani walibaki, mihuri ilibaki na foleni zilibaki, ila waliopanga foleni sasa waliitwa watumiaji. Karani aliyezoea kusema "njoo kesho" sasa alisema "Mfumo unasema uje kesho," na wananchi waliambiwa wafurahi, maana zamani walikuwa wakirudishwa nyumbani na binadamu mwenzao tu.

Wizara kubwa kuliko zote ilikuwa Wizara ya Maoni ya Wananchi. Jengo lake la ghorofa halikuwa na mlango wa wananchi. Waziri, Mheshimiwa Lubasha, alikwisha kueleza sababu: yanayotakiwa kuingia mle ni maoni, siyo miguu yenye matope. Ili maoni yaingie, wizara ilitundika katika kila jengo la serikali kisanduku cheupe, kikubwa kama katoni ya sabuni, chenye taa ndogo. Kiliitwa Sikio la Taifa. Katika kata ya Mlimboko kilitundikwa ukumbini, chini ya picha ya Rais, mahali ambapo hapo awali palikuwa na saa.

Sasa, kabla Waziri hajapanda jukwaani, ni lazima ujue desturi moja ya watu wa Mlimboko, ambayo ni ya zamani kuliko serikali. Mtu akisimama kusema mbele ya watu, na maneno yake yakawa ya kweli, wasikilizaji huingiza mikono kwapani na kunyamaza. Ukisikia nzi akipita, ujue msemaji anaheshimiwa. Lakini akisema uongo, au akichosha, hakuna wa kumkatiza, kwa kuwa kumkatiza mtu mzima ni utovu wa adabu. Hupigiwa makofi. Hupigiwa mpaka aelewe mwenyewe na akae. Padri mmoja mgeni, aliyetoka parokia za mjini, alipigiwa makofi katika mahubiri yake ya kwanza. Akafurahi, akaongeza nusu saa. Wakazidisha. Mwishowe mzee wa kanisa alimfuata sakristia akamwambia, "Baba, Mungu ni mwema, lakini viazi vyetu viko motoni."

Mheshimiwa Lubasha hakuwa na mzee wa kumfuata sakristia. Alifika akiwa ametoka kunywa supu ya mbuzi nyumbani kwa mtendaji wa kata, na mafuta yalikuwa yameganda meupe kwenye pembe za midomo yake. Kila aliposema neno lenye herufi P, kipande kidogo kiliruka na kutua kwa watu wa mstari wa mbele. Mama Skola alikuwa mstari wa mbele.

"Ndugu zangu watumiaji," alianza Waziri, "zamani serikali ilikuwa mbali na mwananchi. Leo iko mfukoni mwake."

Wazee wawili walishika mifuko yao.

"Nimeitembelea zahanati yenu. Nimeona kuta nene, paa lisilovuja, umeme wa jua, kisima. Nikajiuliza, jengo zuri kama hili linafanya nini na wagonjwa? Mgonjwa anaweza kuugua popote. Mtambo hauwezi. Mtambo ni kiumbe dhaifu, ndugu zangu. Ukipata joto unazimia, ukipata vumbi unakohoa, ukikosa umeme unakufa. Je, sisi ni watu wa namna gani tusiouhurumia? Kwa hiyo serikali yenu sikivu inaleta pendekezo. Zahanati ya Mlimboko ipandishwe hadhi, iwe Hifadhi ya Mitambo ya Maoni. Na akina mama wajawazito wasihofu. Watahudumiwa na Mkunga wa Mbali, kwa simu, bila kuguswa na mtu."

Zamani Mama Skola aliitwa Mama Leokadia. Leokadia, binti yake wa kwanza, alikufa juu ya pikipiki akipelekwa kujifungua hospitali ya wilaya, kabla zahanati haijajengwa, na tangu siku ile majirani, kwa huruma, walibadilisha wakamwita kwa jina la binti wa pili. Matofali ya chumba cha kuzalia waliyafyatua wenyewe, wakayachoma wenyewe. Na sasa Skola alikuwa nyumbani, mimba yake imeshuka, anatembea kwa kushika ukuta.

Mama Skola akapiga makofi. Alikuwa wa kwanza. Ukumbi mzima ukamfuata, kwa nguvu, bila kucheka.

Waziri akapokea makofi kwa mikono miwili hewani, akaendelea kusema. Wakazidisha. Akatoa leso akafuta machozi, akasema hajawahi kuona kata yenye mwamko kama hii. Wakapiga kwa miguu pia. Mama Skola alipiga mpaka viganja vikawaka moto, akimwomba Mungu kimoyomoyo amkalishe mtu huyu. Waziri aliketi baadaye sana, amechoka kwa furaha.

Taa ya kisanduku ikawa ya kijani. Sauti ya mwanamke mpole ikasema, "Asanteni, Mlimboko. Maoni yamepokelewa. Mmeridhika wote."

Hapo ndipo watu walipotazamana.

Utekelezaji ulikuwa wa haraka, jambo ambalo katika nchi hiyo ni dalili mbaya. Kabla wiki haijaisha malori yalileta makabati meusi yenye taa zinazokonyeza, yakawekwa mahali pa vitanda. Kitanda cha kuzalia kilitupwa nyuma ya jengo. Kuku wakakipenda. Wakataga juu yake, na mavi yao yakakauka pale pale ambapo wanawake walikuwa wakiweka migongo. Nesi Edina, mkunga pekee wa kata, alipandishwa cheo. Aliitwa Afisa Vumbi Daraja la Pili, akapewa fimbo yenye manyoya ya kupangusia mitambo. Alipouliza glavu zake zipelekwe wapi, alijibiwa kwamba mitambo haina damu.

Mama Skola alikwenda kwa mtendaji wa kata, Bwana Kasiani, ambaye alimfahamu tangu akiwa anatambaa. Alimkuta anatazama televisheni kubwa mpya, zawadi ya kata iliyoshiriki kuliko zote.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba. Sikai. Mwanangu Kasiani, wewe umezaliwa hapa hapa. Makofi yale unajua yalikuwa ya nini."

"Najua, mama. Hata mimi nilipiga."

"Basi waambie."

"Niwaambie akina nani?" Kasiani alipunguza sauti ya televisheni, ila hakuizima. "Mfumo hauna mahali pa kuambiwa. Una mahali pa kuridhika tu."

"Andika kwamba mimi nalalamika."

"Siwezi, mama. Wewe ni mwananchi mwenye furaha. Nikikuingiza kwenye malalamiko, mashine inakukataa, inasema huyu ana furaha, anataka nini tena?"

"Binti yangu anajifungua mwezi huu."

"Nimesikia. Hongera."

"Kasiani."

"Mama, mimi nina watoto wanasoma. Jaribu kuongea na Sikio lenyewe."

Mama Skola alivuka ua akaingia ukumbini peke yake. Akasimama chini ya kisanduku kama mtu aliyesimama mbele ya altare ya dini asiyoijua. Akasema, kwa sauti na kwa heshima, "Hapana."

Taa ikawaka. "Karibu, Yustina Mbena," ikajibu ile sauti. "Sauti hii imekwisha kuridhika. Mwananchi hutoa maoni mara moja. Asante kwa kushiriki."

Akasema tena hapana. Ikamshukuru tena. Watu wengine wakaja baada yake, mmoja mmoja, siku hiyo na siku zilizofuata, na kila mmoja alitambuliwa kwa jina, akaambiwa ameridhika, akashukuriwa. Sauti zao zote zilikwisha kunaswa siku walipoandikishwa vitambulisho. Mzee mmoja mwenye hasira alikwenda kubweka kama mbwa, akitumaini hatajulikana. Kisanduku kilimsalimia kwa majina yake yote matatu.

Siku ile ya kwanza, njiani kurudi, Mama Skola aliomba. Alisema, "Ee Bwana, wewe unasikia hata bila kutundikwa ukutani. Mimi sijui nimseme nani. Nitunzie huyu mmoja uliyeniachia."

Uchungu ulimshika Skola Jumapili moja mwezi ule ule, watu wakitoka misa ya pili. Mvua ilikuwa imejaza kivuko cha mto, na gari lisingepita. Mama Skola alipiga simu kwa Mkunga wa Mbali, kama serikali ilivyoelekeza.

"Karibu," ikasema ile sauti pole ya mwanamke yule yule. "Kwa uchungu wa kawaida, bonyeza moja. Kwa uchungu mkali, bonyeza mbili. Kwa mtoto aliyekwisha kutoka, bonyeza tatu."

Mama Skola akabonyeza mbili.

"Asante. Wahudumu wetu wanawahudumia wateja wengine. Tafadhali usisukume mpaka utakapounganishwa."

"Inasemaje?" aliuliza Skola, amelala ubavu, meno yameuma khanga.

"Inasema twende zahanati," alijibu Mama Skola, na huo ndio uongo pekee aliousema katika habari hii.

Wanawake wa jumuiya walimbeba Skola kwenye kiti, wawili mbele na wawili nyuma. Nesi Edina aliwapokea njiani akikimbia, amevaa nguo za kanisani, mkononi ana mfuko wa glavu alizokuwa amezificha chini ya godoro. Walipofika, Edina aliweka uso wake mbele ya kijicho cha kamera ya mlangoni, kwa kuwa siku hizi milango ilifunguliwa kwa uso.

"Uso huu unafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa," mlango ukasema. "Jumapili njema."

Mlinzi, Damasi, alisimama chini ya kibaraza na rungu lake, haoni pa kutazama.

"Damasi, fungua," alisema Mama Skola.

"Shemeji, mlango huu mimi haunijui. Kazi yangu kuzuia."

"Wanao wamezaliwa wapi?"

"Unapajua."

"Nataka uniambie wewe."

"Humu humu."

"Na tofali za upande wa kisima alibeba nani?"

Maji yalimchuruzika Damasi kwenye ncha ya kofia. "Nitafukuzwa," alisema.

"Utafukuzwa," alikubali Mama Skola.

Skola alitoa mlio ambao si neno. Damasi akaweka rungu chini, akawazungusha nyuma ya jengo, akapita kile kitanda cha kuku, mpaka kwenye kimlango cha bati. Ulikuwa ule mlango ambao manesi walitolea kondo la nyuma kwenda kulizika. Mafundi wa mjini hawakuuwekea uso, kwa kuwa hawakujua kwamba jengo lina haja ya mlango wa namna hiyo. Damasi aling'oa kitasa kwa panga lililokuwa limeegemezwa ukutani, kisha akawageuzia mgongo, akaitazama mvua.

Ndani kulikuwa na baridi ya kutetemesha meno, kwa ajili ya afya ya mitambo. Edina peke yake ndiye aliyejua, kwa kazi yake ya manyoya, kwamba nyuma ya kila kabati hutoka pumzi ya moto. Wakamlaza Skola pale, kwenye khanga zao, kati ya kabati na ukuta. Mitambo yote ya Mlimboko ilimpulizia joto mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu iletwe ikamfaa mtu. Mama Skola alipiga magoti kichwani kwa bintiye akawa anasali kwa sauti, na Edina alimwambia, "Sali, mama, lakini shika na mguu huu." Akashika.

Mtoto wa kike akatoka. Akakaa kimya kidogo, kiasi cha kumfanya bibi yake asahau sala katikati. Kisha akalia.

Ukutani, mahali ulipokuwa mzani wa watoto, taa ya kisanduku kingine, kilicholetwa pamoja na mitambo, ikawaka, ikawa nyekundu. Hakuna mtu wa Mlimboko aliyewahi kuiona nyekundu.

"Sauti mpya," ikasema. "Sauti hii haijaridhika. Maoni yamepokelewa. Mpinzani mmoja."

Makao makuu ya wizara kulikuwa na kioo kikubwa cha kuonyesha walioridhika, na juu yake kulikuwa na mia kwa mia, ambayo haikuwa imeguswa tangu kioo kiwashwe. Wageni wa nje walikuwa njiani kuja kuipa nchi hiyo tuzo ya Serikali Sikivu Kuliko Zote. Kengele ikalia katika jengo lisilo na mlango, na maofisa wakapanda na kushuka ngazi, kwa maana hapakuwa na mtu aliyejua namna ya kutenda mbele ya jibu la pili. Waliliita hitilafu. Baadaye waliliita uchochezi. Mgambo wa kata wakamkamata Damasi.

Alhamisi maji ya mto yalipopungua, magari yakaja. Mheshimiwa Lubasha aliingia ukumbini na kijana mtaalamu wa Mfumo, na polisi, na Damasi akiwa na pingu. Watu wote waliitwa. Skola aliketi mbele, mtoto mapajani, Mama Skola kando yake.

"Sheria ni sheria," alisema Waziri. "Maoni hubadilishwa na mwenye maoni mwenyewe. Mtoto huyu apige makofi, tumalize, mimi nina wageni."

"Ana siku nne," alisema Edina kutoka nyuma.

"Afisa Vumbi, hujaulizwa."

Waziri alikuwa ametoka kwenye supu tena. Akainama, akavishika vikono vya mtoto kwa vidole vyake vinene, akavigonganisha. Havikutoa sauti. Akavigonganisha tena, kwa nguvu kidogo, akitabasamu kwa ajili ya mpiga picha. Ilikuwa kama kugonganisha ndizi mbivu. Mtoto akageuza uso. Mama Skola aliona mafuta ya mbuzi yakibaki yanang'aa kwenye mistari ya viganja ambavyo vilikuwa havijashika kitu chochote duniani ila titi la mama yake. Akachukua ncha ya khanga akavifuta, kidole kimoja kimoja, polepole, na watu wote wakamngoja.

"Hakuna desibeli hapo, Mheshimiwa," alisema kijana mtaalamu, anatazama kompyuta yake. "Lakini kuna njia. Mlezi anaweza kutoa ahadi kwa niaba ya mtoto. Mbele ya mashahidi na mbele ya Sikio. Naweza kumfungulia bibi sauti, ipokelewe mara moja zaidi."

"Mfungulie." Waziri akafuta vidole kwenye suruali, akamgeukia Mama Skola, akalainisha sauti. "Mama, ni jambo dogo. Sema kwamba utamlea huyu aje awe mtu wa kuridhika. Ukisema, huyu mlinzi anaondoka hapa bila pingu. Usiposema, analala ndani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Mama Skola alimtazama Damasi. Damasi alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala.

"Shemeji," alisema Damasi, "usinitazame mimi. Mimi nimeshafukuzwa. Sema unachokijua."

"Mke wako je?"

"Mke wangu yuko nyuma yako, muulize."

Mama Skola hakugeuka kumuuliza, kwa sababu nyuma yake alikwisha kusikia jambo. Ilikuwa sauti ya nguo, watu wengi wakijikunja kwa pamoja. Ukumbi mzima ulikuwa umeingiza mikono kwapani. Hata Kasiani, mtendaji, pale kwenye kiti chake karibu na meza kuu, alitazama kulia na kushoto, kisha akaificha mikono yake polepole kama mtu anayeficha wizi. Damasi, ambaye pingu hazikumruhusu, alibana viwiko mbavuni. Nzi aliyekuwa akimzunguka Waziri mdomoni alisikika ukumbi mzima.

Waziri akatabasamu. Ukimya ule ulimpendeza. Aliuona ni utii.

Taa ikawaka. Mama Skola akamchukua mtoto kutoka kwa mama yake, akasimama chini ya kisanduku, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akasema, bila kupaza sauti:

"Mimi Yustina Mbena, bibi wa mtoto huyu anayeitwa Leokadia, naahidi mbele ya Mungu, mbele yenu nyote mliobeba tofali, na mbele ya kitu hiki. Neno la kwanza nitakalomfundisha mjukuu wangu halitakuwa mama, wala bibi, wala maji. Litakuwa hapana. Na wajawazito wote wa Mlimboko nitawashika mkono mimi mwenyewe, niwaingize katika nyumba ile kwa mlango wa nyuma, mmoja baada ya mwingine. Mkiufunga, tutaung'oa. Watazaa humo humo, na kila mtoto atakayezaliwa atalia, na ninyi mtamhesabu."